Siku Niliyomvuta Malkia wa Iguhu Jukwaani

Mpaka leo nikipita sokoni hapa Kakamega kuna mama mmoja muuza mboga ambaye akiniona tu anainua mkono juu na kupaza sauti, "Malkia, toka! Malkia, usiogope!" halafu anacheka mpaka anashika meza, na mimi sina la kufanya ila kucheka naye huku masikio yananiwaka moto. Basi kwa kuwa mji mzima unajua, na kila mtu anaongeza chumvi yake (wapo wanaosema nilizimia nikabebwa kwa ambulensi, uongo mtupu), acheni niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu aibu hii ni yangu na nimechoka kuisikia kwa midomo ya watu.

Kwanza mnijue. Naitwa Shivachi. Kazi yangu ni kinyozi pale Shirere, vichwa vya wanafunzi tangu asubuhi, na kazi ya moyo wangu ni muziki: gita langu, na nyuma yangu ngoma tatu za isukuti zikiongozwa na rafiki yangu Lumbasi. Tumecheza harusi, tumecheza matanga, tumecheza Jumamosi za fahali kupigana kule Ikolomani, watu wanarusha mabega mpaka vumbi linafunika viatu, kisha wanakwenda zao na hakuna hata mmoja anayekumbuka jina langu. "Yule kinyozi wa gita," ndivyo walivyoniita, na wakati mwingine hata hilo gita linasahaulika. Ndipo mteja mmoja, nikiwa katikati ya kumnyoa, akaniambia kuna apu ya simu ambayo msanii anaweka nyimbo zake mwenyewe, shabiki anasikiliza na kumwandikia msanii moja kwa moja, hakuna mtu wa katikati, hakuna kumpigia mtangazaji magoti ndipo wimbo uchezwe. Nilifurahi hivi kwamba nikampitishia mashine mahali pasipofaa, na sikumtoza.

Katika apu hiyo kila shabiki anajipa jina analotaka na picha anayotaka, anaacha maoni yake, nawe unaweza kumjibu kwa sauti. Mwisho wa mwezi inakuonyesha ni nani amekusikiliza kuliko wote, jina lake linang'aa kwa rangi ya dhahabu. Mwezi wa kwanza nilikuwa na mashabiki kumi na wanne (mmoja alikuwa Lumbasi, na mwingine, nisiwafiche, alikuwa mimi mwenyewe kwa simu ya mke wangu Rodah). Na juu yao wote, kwa dhahabu, alikuwa mtu aliyejiita Malkia wa Iguhu, na picha yake ilikuwa ya fahali mweusi.

Huyu Malkia hakuwa wa kusema "moto sana" na kuweka vikopa vya mapenzi. Alikuwa anasikiliza kweli kweli. Kuhusu wimbo niliomtungia mke wangu aliniandikia: "Ule wimbo wa Rodah, ubeti wa pili unakimbia kama unafukuzwa. Tulia." Mara nyingine: "Kinanda kinafunika ngoma. Toa kinanda." Niliudhika siku mbili nzima, nikamwambia Lumbasi kwamba watu wengine hawajui muziki wa kisasa, siku ya tatu nikatoa kinanda tulichoongezea kwenye rekodi, na jamani, wimbo ukasimama kwa miguu yake. Mashabiki wakaanza kuingia, wa Butere, wa Lugari, hata mmoja aliyesema yuko Kuwait anafua nguo za watu huku akinisikiliza. Kila kizuri kilichokuwa katika nyimbo zangu mwaka ule kilikuwa na mkono wa Malkia ndani yake, na nilimpenda kwa hilo, nasema wazi, nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu aliyemfundisha kusoma.

Ila kichwa changu ni kichwa cha mwanamume, kikajichorea picha. Nikaamua kwamba Malkia ni mwanamke wa makamo hivi, labda nesi pale hospitalini Iguhu, mpweke kidogo, mwenye macho makubwa. Nikaanza kumtumia jumbe za sauti. Nikamwita Malkia wangu. Rodah akasikia moja nikiwa naoga na simu iko mezani, akaniuliza taratibu, "Baba Neema, huyu mtu unaambianga 'bila wewe mimi si kitu' ni nani?" Nikamwambia ni mambo ya biashara. Akaigeuza simu uso chini, na mke akifanya hivyo ni heri akupigie kelele.

Sasa lazima niwaambie jambo la kwetu, hata kama mnalijua. Mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, sembuse kucheza ngoma. Hiyo ndiyo heshima. Miaka tisa nimemwoa Rodah, na nikienda kwao Iguhu mimi nakaa sebuleni na shemeji yangu Jafeti, mama mkwe yuko jikoni, chakula anakileta Jafeti, na sauti ya mama mkwe wangu naijua kwa kikohozi tu kinachopita ukutani. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea mpaka alipostaafu, Mwalimu Peris, mtu wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa Iguhu nzima. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Na nilikuwa na kinyongo naye. Miaka tisa naletewa kuku, yaani ingokho mzuri kabisa na obusuma wa moto, ugali wetu, lakini mimi napata shingo na mabawa. Firigisi, ambayo kwetu ndiyo inayomwambia mwanamume kwamba hapa unatambuliwa, sikuwahi kuiona hata siku moja.

Basi alasiri moja mvua inanyesha, kinyozi hakina mteja, nikachukua simu nikamfungulia Malkia moyo. Nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Wewe ndiye unanielewa. Hata kwa wakwe zangu sitambuliwi. Mama mkwe wangu ananihesabu kama mgeni wa kupita, ananilisha shingo." Baada ya siku mbili Malkia akaandika: "Pole. Labda hajui. Watu wa jikoni hawaambiwi mambo." Nikaona huyu mwanamke ana hekima. Na mwezi uliofuata tulipokwenda Iguhu, nikaletewa kibakuli kidogo peke yake, kimefunikwa kwa sahani, nikafunua, firigisi! Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikimwambia Rodah kwamba hatimaye mamake amefungua macho. Hata hapo, wenzangu, hata hapo sikujumlisha moja na moja.

Ukafika wakati wa kuzindua nyimbo zetu mpya. Tukapata bustani ya mkahawa mmoja Shirere, Jumamosi mchana, na hapo ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo ulionitia kitanzini. Nikatangaza kwenye apu kwamba shabiki wangu namba moja ataitwa jukwaani, atacheza isukuti na mimi uso kwa uso, na tutakula kuku sahani moja mbele ya watu, firigisi ikiwa yake. Nilijiona mjanja, maana nani mwingine aliwahi kufanya hivyo? Malkia akajibu upesi: "Asante, lakini mpe mwingine. Mimi nitasikiliza tu kutoka mbali." Hapo mtu mwenye akili angesema sawa. Mimi nikamwonyesha Lumbasi, naye akasema, "Anaona haya huyo. Wee, mtu wa Iguhu anaweza kataa kuku?" Tukacheka, tukaenda kununua kuku.

Siku yenyewe watu walijaa. Rodah alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, mikono ameikunja kifuani. Asubuhi aliniambia, "Leo nitamuona huyo Malkia wako kwa macho yangu," na sikupenda jinsi alivyolisema neno macho. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye kijiti chake mbele ya jukwaa, inatuonyesha mubashara kwa mashabiki walio mbali. Tukaimba tano, tukaimba sita, ule wimbo wa Rodah watu wakaurudisha mara mbili, ukiniuliza ni siku gani nimewahi kuwa na furaha kama ile nitakwambia hakuna, na ingekuwa vyema kama mungu wa vinyozi angenikatia hapo.

Nikashika kipaza sauti. "Sasa namtaka Malkia wa Iguhu!" Watu wakageuka huku na huku. "Malkia, toka! Malkia, usiogope!" (Ndiyo haya yanayoimbwa na mama muuza mboga.) Hakuna aliyetoka. Ningeachia hapo hadithi ingeishia hapo, lakini ile apu ina kitufe cha kumwita shabiki, ukikibonyeza simu yake inalia kwa wimbo wako hata kama ameizima sauti. Nikabonyeza.

Kutoka nyuma kabisa, kando ya tangi la maji, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiimba "Rodah, fungua mlango." Umati ukapasuka. Pale tangini alikuwa mwanamke amejifunika leso kichwa chote, ameinama, anahangaika kuizima simu, anaifinya huku na huku, na yenyewe inazidi kuimba. Nikashuka jukwaani nikikimbia, ngoma zikanifuata, nikamshika mkono. Akauvuta. Nikadhani ni haya tu, nikaushika kwa mikono miwili, "Njoo Malkia wangu, leo ni leo!" na watu wakashangilia, wengine wakamsukuma kwa nyuma kwa upendo, na hivyo ndivyo tulivyompeleka yule mama, hatua kwa hatua, miguu inakataa na mwili unakwenda, mpaka juu ya jukwaa.

Nikamzunguka nikirusha mabega. Yeye amesimama tu, ameshika leso kwa mkono mmoja, kichwa chini. Nikachukua firigisi kwenye sahani nikaipeleka kwenye leso nikisema kwa kipaza sauti, "Fungua mdomo, Malkia, ule kutoka mkono wa mpenzi wako wa apu!" Akageuza uso. Leso ikateleza.

Nilimwona nikiwa karibu naye hivi, kuliko nilivyowahi kuwa karibu naye maisha yangu yote. Nilijua uso huo kwa picha ya harusi. Na yeye, macho chini, akasema kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu kati yetu kikaibeba mpaka barabarani, "Baba Neema, niachilie mkono."

"Mama?" Rodah alikuwa amesimama.

Ngoma zikanyamaza moja moja, ya Lumbasi mwisho, maana yeye huwa anafumba macho akipiga. Mzee mmoja katikati ya watu akashika kichwa, "Uwi! Huyo si ni mavyala wake! Ameshika mama mkwe!" Na neno hilo likapita watu wote kama upepo kwenye mahindi. Mimi nikauachilia ule mkono kama niliyeshika jiko, nikarudi nyuma bila kuangalia, nikakaa kitako kwenye sinia la obusuma lililotoka jikoni dakika hiyo. Sikuruka. Nasema kweli, niliungua, na nikaona afadhali niungue kuliko kusimama mbele yake tena. Kwenye simu maoni yalikuwa yanapanda, na la kwanza nililoliona lilisema: "Huyo si Mwalimu Peris wa kanisa letu?"

Rodah alipanda, akaokota leso, akamfunika mamake vizuri kama anayemfunika mtoto, akamshusha. Aliponipita alisimama kidogo. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Miezi yote hii nimekuwa nikimwonea wivu mamangu mzazi," na sauti yake ikakatika katikati, sijui ilitaka kucheka au kulia. Wakaenda Iguhu wote wawili, na binti yetu Neema wakamchukua.

Nikabaki. Nikakaa kinyozini siku tatu nikinyoa watu, na hapo ndipo moja na moja zilipojijumlisha zenyewe. Kibakuli kidogo kilichofunikwa. "Watu wa jikoni hawaambiwi mambo." Nilikuwa nimemsema mama wa watu kwa masikio yake mwenyewe, naye hakunijibu kwa hasira, alinijibu kwa firigisi. Nikafungua apu nimtafute. Malkia wa Iguhu hakuwepo. Jina lake la dhahabu lilikuwa limefutika, na maoni yake yote yamekwenda nalo, kinanda, ubeti wa pili, yote. Sikudhani mtu anaweza kulia kwa ajili ya shabiki, lakini nililia, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akanikodolea macho kwenye kioo.

Rodah alinipigia mara moja. Akaniambia mamake amemrudishia Jafeti ile simu, maana ilikuwa simu yake kuukuu aliyompa. Jumapili hakwenda kanisani. Kwaya aliyoimba tangu Rodah akiwa mdogo amesema hataiweza tena. "Haongei. Anakaa tu jikoni," Rodah alisema. "Na mimi siwezi mwacha hivi nikarudi Shirere." Mke wangu hakuwa amenikimbia, alikuwa anamlinda mtu niliyemvunjia heshima, na hilo ni baya zaidi, maana huwezi hata kuligombania.

Nikaenda kwa baba yangu mdogo, Mzee Andambi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaficha kicheko kwenye kikohozi, kisha akawa mtu mzima. "Pole haitoshi hapa," akasema. "Na usimpigie simu! Simu ndiyo imekuleta hapa. Tafuta blanketi jipya na kuku jike, mimi nitakuwa mdomo wako."

Tukaenda. Nilikaa sebuleni mahali pangu pa siku zote, nikitazama magoti yangu, na Jafeti mbele yangu naye akitazama yake. Mzee Andambi akasimama karibu na mlango wa jikoni, akasema kwa Kiluhya kirefu na kizuri kwamba mtoto wao amekosa, hakukusudia, kiburi cha jukwaa kilimziba macho, na kwamba blanketi hili ni la kumfunika mama pale alipofunuliwa. Tukasikia kikohozi, kile ninachokijua. Halafu Rodah akatoka na maneno ya mamake, akayasema vile vile alivyopewa.

"Anasema blanketi amepokea. Anasema kwetu mkwe haulizwi wewe ni mtu gani, na yeye alikuwa anataka kujua mimi nimeolewa na mtu gani. Ukutani alikuwa anasikia tu kijiko. Alipopata hiyo simu akasikia wewe unaimba juu yangu, akasema, basi, mtoto wangu yuko salama. Ndio maana alikuwa anasikiliza."

Nilishika kichwa. Mzee Andambi akaniwekea mkono begani. Nilidhani amemaliza, lakini Rodah akamgeukia ndugu yake.

"Na anasema firigisi amekuwa akitoa kila mara, miaka tisa. Tumuulize Jafeti zinapoteleanga wapi."

Jafeti akatazama dari. Ile njia kutoka jikoni mpaka sebuleni haifiki hatua kumi, na shemeji yangu alikuwa ameila heshima yangu njiani miaka tisa! Mzee Andambi akashindwa, akacheka, Rodah akacheka, na kutoka jikoni, kupitia ukutani, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile, mama mkwe wangu anacheka. Jioni hiyo Rodah na Neema walirudi nami Shirere.

Niliapa siku hiyo na kiapo hicho nakishika: shabiki akisema atanisikiliza kutoka mbali, nitamwacha akae mbali, iwe ni nyuma ya tangi au nyuma ya ukuta. Mdomo huponza kichwa, wangu ulikiponza pamoja na sehemu nyingine ambazo zilikaa wiki mbili bila kukaa vizuri kwenye kiti. Kile kitufe cha kuita watu sijakigusa tena.

Ila juzi tumeweka wimbo mpya, na asubuhi nikakuta shabiki mgeni, picha yake chungu juu ya mafiga, jina lake Mtu wa Jikoni. Alikuwa ameusikiliza mara saba. Ameandika: "Ni mzuri. Lakini mwisho umeukata mapema. Acha ngoma zimalize zenyewe."

Rodah alichungulia juu ya bega langu. "Huyo naye ni nani?"

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sijui," akasema, akaenda kuchemsha chai, na nikamsikia anaimba huko jikoni. Nikamjibu yule shabiki kwa maandishi, si kwa sauti. "Asante, shabiki. Nitaziacha zimalize."